Anayesema Kwanza Ndiye Anayelipa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wakurugenzi wa afya wa kaunti, waheshimiwa wawakilishi wadi kutoka kamati za afya, wahamasishaji wa afya ya jamii, wanahabari, mabibi na mabwana, hamjambo.

Mada niliyopewa ni siasa na milipuko ya magonjwa. Ni mada pana, kwa hiyo nitaishika upande mmoja tu: gharama anayobeba mtu wa kwanza kusema kwamba kuna ugonjwa. Tukiifuata gharama hiyo kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi kwenye kumbi za Geneva, yaliko makao ya Shirika la Afya Duniani, tutaona kwa nini taarifa huchelewa, mipaka hufungwa na chanjo hufika baada ya wimbi kupita.

Tuanzie kwenye tyubu ya damu.

Mgonjwa amefika katika kituo cha afya karibu na mpaka. Ana homa kali, anatapika, fizi zinavuja damu. Afisa wa kliniki anashuku homa ya Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola. Muuguzi anavaa vifaa vya kujikinga, anatoa mililita nne za damu kwenye tyubu yenye kifuniko cha zambarau, anaipangusa kwa klorini ya asilimia 0.5, kisha anaifungasha mara tatu: tyubu imeviringwa kitambaa cha kufyonza, imetiwa kwenye chombo kisichovuja, na chombo hicho kimeingia katika sanduku gumu lenye vibarafu vya kuiweka kati ya nyuzi 2 na 8. Fomu hukaa nje ya chombo cha pili ili isilowe damu tyubu ikivunjika.

Yanayoharibika hapo mnayajua kuliko mimi. Namba ya tyubu haifanani na ya fomu, maabara inaikataa sampuli. Gari lipo, lakini kadi ya mafuta haina kitu. Vibarafu havikuganda kwa sababu umeme ulipotea usiku kucha. Dereva amepewa posho ya siku moja kwa safari ya siku mbili. Yote haya yanatibika kwa pesa kidogo na usimamizi. Sampuli ikishafika Nairobi ikiwa salama, kipimo chenyewe cha PCR huchukua saa chache tu.

Tuseme majibu yametoka saa kumi jioni, na virusi vimeonekana. Kuanzia dakika hiyo kazi inatoka maabara na kuhamia kwenye simu. Mkuu wa maabara anampigia mkubwa wake, naye anampigia Mkurugenzi Mkuu wa Afya, simu inapanda kwa Katibu wa Wizara, inafika kwa Waziri. Huko juu maswali hubadilika. Gavana amearifiwa? Ikulu inajua? Kuna mkutano gani wa wageni wiki hii? Msimu wa watalii umefika wapi? Kwa mtu anayebeba dhamana ya uchumi maswali hayo ni halali, na siwalaumu wanaoyauliza. Ila kila swali ni saa kadhaa, na katika saa hizo muuguzi aliyetoa ile damu ameshapanda matatu kurudi nyumbani kwake bila kuambiwa lolote.

Sheria ya kimataifa inalijua tatizo hili. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007 na kuzifunga nchi 196, zinaipa nchi saa 48 za kutathmini tukio, kisha saa 24 za kuliarifu Shirika la Afya Duniani, WHO. Magonjwa machache, kama ndui, huarifiwa moja kwa moja. Kwa mengine kuna maswali manne. Je, madhara kwa afya ya umma ni makubwa? Je, tukio si la kawaida au halikutarajiwa? Je, kuna hatari kubwa ya kuvuka mipaka? Na la nne: je, kuna hatari kubwa ya nchi kuwekewa vikwazo vya usafiri au biashara? Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kuifanya nchi iwajibike kuarifu. Lisomeni tena hilo la nne. Walioandika kanuni walijua kwamba anayearifu huenda akaadhibiwa, wakaiandika adhabu hiyo ndani ya chombo cha kupimia. Walichoshindwa kuandika ni namna ya kuizuia. Ibara ya 43 inaitaka nchi inayokatalia wasafiri au bidhaa kwa zaidi ya saa 24 itoe sababu zake za kisayansi kwa WHO ndani ya saa 48. Isipotoa, hakuna faini, hakuna mahakama, hakuna lolote.

Matokeo yake tuliyaona Novemba 2021. Wanasayansi wa Afrika Kusini walikiona kirusi cha korona chenye mabadiliko mengi, serikali yao ikaiarifu WHO tarehe 24, na tarehe 26 kikapewa jina la Omicron. Kabla wiki haijaisha, Uingereza, Umoja wa Ulaya na Marekani zilikuwa zimetangaza kuzuia wasafiri kutoka nchi za kusini mwa Afrika. Baadaye Uholanzi ikagundua kirusi hichohicho katika sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba, yaani kilikuwa kimeshaingia Ulaya kabla ya Afrika Kusini kusema neno. Maabara za Afrika Kusini nazo zikaanza kuhangaikia vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwa kuwa hivyo huletwa na ndege zilezile zilizositishwa. Aliyesema alilipa, na akazuiliwa pia vifaa vya kuendelea kusema.

Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na lawama yote tunamtwika mfichaji. Ningependa leo tugawane lawama hiyo na wale wanaofanya kuficha kuonekane kuwa ndiko nafuu.

China ilificha SARS. Ugonjwa ulianza Guangdong Novemba 2002, na ilipofika Aprili 2003 waziri wa afya na meya wa Beijing wakaachishwa kazi. Jirani zetu Tanzania walitoa takwimu za korona mara ya mwisho tarehe 29 Aprili 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, wakanyamaza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Chanjo zilizinduliwa huko Julai 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Januari 2025 ikaja Marburg mkoani Kagera. WHO ilitoa tahadhari tarehe 14, wizara ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha ugonjwa, na tarehe 20 Rais mwenyewe akasimama Dodoma, pembeni yake Mkurugenzi Mkuu wa WHO, akathibitisha mgonjwa mmoja. Kwa mtu anayefuatilia waliomgusa mgonjwa, siku sita ni nyingi mno. Lakini umbali kutoka kimya cha 2020 hadi siku sita za 2025 ni mkubwa, na anastahili sifa aliyeufupisha.

Rwanda walikwenda kasi zaidi. Walitangaza Marburg tarehe 27 Septemba 2024, na tarehe 6 Oktoba, siku tisa tu baadaye, walikuwa wakichoma chanjo ya majaribio. Wagonjwa wengi walikuwa wahudumu wa afya. Mlipuko ulipofungwa Desemba walikuwa wamehesabu wagonjwa 66 na vifo 15, idadi ndogo sana kwa ugonjwa ambao katika milipuko mingine umeua zaidi ya nusu ya waliougua. Hata hivyo Oktoba hiyohiyo Marekani iliwashauri raia wake waahirishe safari zisizo za lazima kwenda Rwanda. Serikali nyingine zilikuwa zikitazama, na zilijifunza kitu.

Sasa tushuke kutoka kwa mataifa tuje mitaani kwetu, kwa sababu kanuni ni ileile.

Korona ilitangazwa Kenya tarehe 13 Machi 2020. Mwisho wa mwezi huo karantini ya lazima ilikuwa imeanza, na waliowekwa humo wakadaiwa gharama ya malazi na chakula, takriban shilingi 2,000 kwa siku hata katika vituo vya umma. Siku 14 ni shilingi 28,000. Kisha watu waliokamatwa kwa kukiuka kafyu nao wakapelekwa karantini. Fikirieni mama anayefua nguo za watu Eastleigh, koo linamwasha na mwili hauna nguvu. Akienda kupimwa anaweza kufungiwa wiki mbili, akapoteza kipato, akadaiwa pesa asizoziona kwa miezi mitatu, na akarudi mtaani akiwa na jina baya. Uamuzi wake wa kukaa kimya ulikuwa wa hesabu. Elimu ya afya haikuwa na la kuongeza hapo. Mei 2020 serikali ikatangaza kwamba italipa yenyewe gharama za vituo vya umma, lakini wakati huo habari ilikuwa imeshaenea kwamba kupimwa ni kujitakia balaa.

Tazameni pia kafyu ilitoka sheria gani. Tunayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Amri ya kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi ilitolewa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Uchaguzi wa sura ndio ulioamua nani atumwe mtaani, naye akawa polisi mwenye rungu na bunduki. Jioni ya kwanza, pale kivuko cha Likoni, watu waliokuwa wakikimbilia nyumbani walirushiwa vitoa machozi, wakasongamana wakikohoa, hali waliambiwa wasisongamane wala kukoholeana. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, hapahapa Nairobi, akafa. Tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikasema kafyu yenyewe ni halali, ila nguvu iliyotumiwa na polisi ilikiuka Katiba. Familia zilizoona polisi wakija kwa jina la korona hazikuweza kumfungulia mlango mhudumu wa afya aliyekuja kwa jina hilohilo.

Halafu kulikuwa na vitanda. Juni 2020 kila kaunti iliagizwa iwe na vitanda 300 vya kuwatenga wagonjwa. Kitanda ni kitu cha kupigiwa picha na kuzinduliwa, na kinahesabika. Oksijeni haina sherehe. Lakini mgonjwa mmoja anayehitaji lita 10 kwa dakika hutumia lita 14,400 kwa siku, na mtungi mkubwa wa lita 6,800 hauvuki saa 12. Wagonjwa 20 wa aina hiyo wanamaliza mitungi 42 kwa siku. Hapo bado hujatafuta lori la kuileta, mtu wa kuibadilisha saa nane usiku, na vipimo vya kuonyesha kwamba gesi inafika puani. Ndiyo maana ningependa mwakilishi wadi anapokagua hospitali aache kuhesabu vitanda na aulize: mabomba ya oksijeni yanafika vitanda vingapi, mtambo unatoa lita ngapi kwa dakika, fundi wake analipwa na nani? Na fedha za dharura zilipopatikana, ukaguzi maalumu wa Mkaguzi Mkuu wa Serikali mwaka 2020 ulionyesha jinsi ununuzi wa bidhaa za korona wa shilingi bilioni 7.8 ulivyokiuka taratibu. Desemba mwaka huo madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma, na miongoni mwa madai yao kulikuwa na vifaa vya kujikinga na bima.

Mipakani nitapita haraka. Aprili na Mei 2020 madereva wa malori walikwama Malaba, Busia na Namanga kwa sababu kila nchi ilitaka kupima upya na haikuamini cheti cha jirani. Uganda ikafikia kuwatoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa. Namba ilipungua, virusi havikupungua. Mwisho Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana cheti kimoja cha siku 14 na mfumo wa kielektroniki wa kumfuatilia dereva. Makubaliano hayo yangeweza kuandikwa miaka mitano kabla, na hayakuhitaji ugunduzi wowote wa kisayansi.

Upande wa chanjo ndiko gharama ya kuwa mkweli na mpole ilipokuwa kubwa zaidi. Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, tarehe 3 Machi 2021. Zilitengenezwa India. Mwezi huohuo wimbi la India likapanda, serikali yake ikabana usafirishaji nje, na hapa kwetu waliochomwa dozi ya kwanza wakasubirishwa, muda wa dozi ya pili ukasogezwa kutoka wiki 8 hadi 12. Sikuilaumu India wakati ule na siilaumu leo. Serikali yoyote ambayo raia wake wanakufa kwa kukosa hewa itashikilia chanjo zilizo ndani ya mipaka yake. Kosa lilikuwa la dunia nzima kutegemea kiwanda kimoja katika nchi moja kwa ajili ya maskini wote. Kule Gqeberha, Afrika Kusini, kiwanda cha Aspen kilikuwa kikijaza chupa za Johnson & Johnson ambazo sehemu yake zilipelekwa Ulaya, huku Afrika ikiwa na chanjo chache kuliko bara lolote. Mkataba wa ununuzi ndio ulioamua, na Afrika haikuwa imeshika kalamu ulipoandikwa.

Baadaye zikaja za msaada, nyingi zikiwa na wiki chache kabla ya tarehe ya mwisho. Desemba 2021 Nigeria iliharibu hadharani zaidi ya dozi milioni 1 zilizopitwa na muda. Anayepokea shehena ya wiki sita anatakiwa kuikagua, kuisambaza, kuhamasisha na kuchoma ndani ya muda huo, na akishindwa anaambiwa Waafrika hawataki chanjo.

India na Afrika Kusini waliomba Shirika la Biashara Duniani lisitishe hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, za bidhaa za korona tarehe 2 Oktoba 2020, na Kenya ikawaunga mkono. Uamuzi ulipatikana Juni 2022, ukahusu chanjo pekee. Ni miezi 20. Mpox ya 2024 ilikuwa afadhali kidogo: Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, ilitangaza dharura ya bara tarehe 13 Agosti, WHO ikafuata kesho yake, dozi za kwanza zikatua Kinshasa tarehe 5 Septemba na kuchoma kukaanza Oktoba mjini Goma. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa karatasi: taasisi kama Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, zilihitaji WHO iidhinishe chanjo kwanza, na idhini ikatoka tarehe 13 Septemba, baada ya dharura kutangazwa, ingawa chanjo hiyohiyo ilikuwa imeshatumika Ulaya na Marekani tangu 2022. Idhini ya namna hiyo inaweza kushughulikiwa wakati hakuna mgonjwa hata mmoja.

Kuhusu kutengeneza wenyewe, Umoja wa Afrika umelenga asilimia 60 ya chanjo zinazotumika barani zitengenezwe barani ifikapo 2040. Kenya tunayo taasisi ya BioVax. Tulikuwa pia na makubaliano na kampuni ya chanjo ya Moderna ya Machi 2022 kuhusu kiwanda cha dola milioni 500, na Aprili 2024 kampuni ikayasimamisha kwa sababu wanunuzi wa chanjo ya korona barani walikuwa wametoweka. Funzo la kibiashara ni wazi. Kiwanda huishi kwa oda za chanjo za kawaida za watoto mwaka hadi mwaka, na kikikosa oda hizo kitakuwa kimefungwa siku janga linapofika. Wizara ya fedha isiyokubali kununua chanjo ya nyumbani kwa bei iliyo juu kidogo katika miaka ya amani imeamua, bila kutangaza, kwamba tutapanga foleni tena.

Turudi kwenye ile tyubu ya damu, maana ndani yake kuna mali. Mwaka 2007 Indonesia, chini ya waziri wa afya Siti Fadilah Supari, ilikataa kupeleka virusi vya homa ya ndege kwenye mtandao wa WHO baada ya kugundua kwamba virusi vyake vilitumika kutengenezea chanjo ambayo isingeweza kuimudu. Ilitukanwa sana, lakini mzozo huo ulizaa mfumo wa WHO wa 2011 wa kugawana virusi vya mafua na manufaa yake. Mkataba wa majanga ya magonjwa, uliopitishwa na Baraza la Afya Duniani tarehe 20 Mei 2025, unataka kuipanua kanuni hiyo: kampuni zitakazoshiriki zitenge asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa janga kwa ajili ya WHO, angalau nusu ya hizo bila malipo na zilizobaki kwa bei nafuu. Katika kamati nchi 124 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 11 hazikupiga kura kwa upande wowote. Lakini jinsi virusi na manufaa vitakavyobadilishana mikono viliachwa viandikwe kwenye kiambatisho, na mkataba haufunguliwi kutiwa saini kabla ya kiambatisho kupitishwa. Kisha zinahitajika nchi 60 kuuridhia.

Wakati mazungumzo ya pamoja yakienda mwendo huo, mikataba ya nchi mbili mbili inakwenda mbio. Tarehe 4 Desemba 2025 Kenya ilitia saini na Marekani makubaliano ya miaka mitano: Marekani hadi dola bilioni 1.6, Kenya kuongeza dola milioni 850 zake. Desemba hiyohiyo Mahakama Kuu ikasitisha kwa muda vipengele vya kuhamisha data za afya za Wakenya. Msimamo wangu ni huu: nchi inayotoa virusi na data zake kupitia mkataba wa wawili imepunguza kile ambacho Afrika ingekiweka mezani Geneva kwa pamoja. Wizara inazo hoja zake, na ya kwanza ni kwamba dawa za Ukimwi haziwezi kusubiri kiambatisho. Ndiyo maana nasema tusisaini tena tukiwa na njaa.

Njaa yenyewe mnaijua. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada ya nje na kutangaza kujiondoa WHO. USAID, shirika lake la misaada, ikafungwa rasmi Julai mosi, na watu waliokuwa wakilipwa na miradi, kuanzia makarani wa data hadi washauri nasaha, walirudishwa nyumbani. WHO kwa miaka mingi ilipata chini ya asilimia 20 ya bajeti yake kutokana na ada za lazima za wanachama, nyingine zote ni michango, na mchangiaji kwa kawaida hutaja kazi anayotaka ifanywe. Mwaka 2022 wanachama waliamua kupandisha ada hizo polepole hadi nusu ya bajeti ya msingi ifikapo 2030–31. Na sisi Afrika tuliahidi Abuja, Aprili 2001, asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ina umri wa mtu mzima mwenye kitambulisho.

Sasa yale yaliyo mikononi mwa kaunti, maana Jedwali la Nne la Katiba limewapa ninyi hospitali za kaunti, gari la wagonjwa na afya ya msingi.

Kwanza kabisa, gharama ya anayesema ilipwe na kaunti. Fanyeni hesabu: aliyemgusa mgonjwa wa Marburg hufuatiliwa siku 21. Akiwa kibarua wa shilingi 500 kwa siku, siku 21 ni shilingi 10,500. Watu 100 ni shilingi 1,050,000, ukiongeza chakula tuseme milioni mbili. Ukiwapa, utawapata wote kila asubuhi ukiwapima joto. Usipowapa, watatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta riziki, na utawatafuta katika kaunti tatu kwa gharama kubwa mara nyingi zaidi.

Fedha zitoke wapi? Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaruhusu mfuko wa dharura wa kaunti, malipo yasizidi asilimia 2 ya mapato, na bunge la kaunti huombwa idhini ndani ya miezi miwili baada ya kulipa. Kaunti ambayo haijauweka mfuko huu italazimika kungoja bajeti ya ziada, nayo huchukua wiki nyingi. Waheshimiwa wawakilishi, hilo ni lenu. Pamoja na mfuko, wekeni mikataba ya mfumo na wasambazaji ambayo bei za glavu, barakoa na klorini zimeshafungwa. Wizi wa wakati wa dharura huingia kupitia bei inayokubaliwa usiku mmoja.

Marupurupu ya wahamasishaji wa afya ya jamii ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu, nusu kaunti. Nusu ya kaunti ikichelewa miezi minne, yule mama aliyekuwa akigonga milango na kujua nani ameanza kutapika ameacha kugonga, na mlipuko umekuwa na mwezi mzima wa kujificha.

Na tangazo. Kila kaunti iandike leo, kwa majina ya vyeo, nani anatangaza, kwa maneno gani, na saa ngapi baada ya majibu. Kipimo kinachofaa ni 7-1-7: siku saba kugundua, siku moja kuarifu, siku saba kukamilisha kazi zote za awali. Baada ya kila tukio, hata la kipindupindu cha watu wanane, kaeni mwandike saa halisi na kilichokwamisha.

Nimalizie na uchaguzi, kwa sababu tunao tarehe 10 Agosti 2027. Kule Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura Beni na Butembo hadi Machi, ikitaja Ebola na usalama, ilhali rais mpya angeapishwa Januari. Zaidi ya watu milioni 1 walinyimwa sauti kwa jina la ugonjwa. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha Ebola mjini Beni na wagonjwa wakakimbia. Mlipuko huo uliendelea hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Liberia, tarehe 20 Desemba 2014, walifanya uchaguzi wa seneti Ebola ikiwa bado ipo: maji ya klorini mlangoni, kipimajoto, nafasi kati ya wapigakura.

Kwa hiyo Wizara ya Afya, tume ya uchaguzi na vyama vikubaliane mapema kwa maandishi: nani ana mamlaka ya kupunguza mikutano ya hadhara, kwa kigezo gani cha idadi ya wagonjwa, na kwamba kikitumika kwa chama kimoja kitatumika kwa vyote siku hiyohiyo. Mtu aliye katika siku zake 21 za kufuatiliwa na hana homa apangiwe chumba chake na saa yake ya kupiga kura. Anayesimamia chumba hicho afunzwe kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga, na kuvua kufanyiwe mazoezi zaidi, maana hapo ndipo wengi huambukizwa. Rasimu ya makubaliano hayo haizidi kurasa nne, na inapaswa kuwa imetiwa saini kabla ya kampeni kufunguliwa.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.